Kibanda cha Ngumi

Mwanalima alipiga kigelegele kabla mumewe hajamaliza maneno. Alikuwa nyuma ya pazia na bintiye Rawda, masikio yote sebuleni, na lile neno "tumekubali" lilipotoka, mdomo ulifunguka wenyewe. Rawda alimshika mama yake mkono akacheka bila sauti huku machozi yanamtoka. Msomaji, kama hujapata kusimama nyuma ya pazia ukasikia baba yako anakutoa kwa mtu unayempenda, sina namna ya kukueleza. Miguu hailijui zulia.

"Ngoja, Mama Husein," Mzee Idarus alisema kutoka sebuleni. "Sijamaliza."

Mwanalima alijiziba mdomo kwa leso. Bado aliitwa Mama Husein, ingawa Husein mwenyewe, mwanawe wa kwanza, alikuwa kaburini Mombasa.

Mzee Idarus alikuwa akinunua kamba kutoka visiwani na kuwapakia kwenye barafu kwa wafanyabiashara wa Kismayu. Alasiri hiyo alikaa kwenye mkeka wake wa kila siku, mirungi imefungwa kwenye jani la mgomba pembeni, birika la chai ya maziwa mbele yake. Aliyekaa mkabala naye, magoti pamoja, ni Sadiq, fundi wa mashine za boti, aliyezaliwa na baba Mbajuni aliyekimbilia Mombasa na mama Mkenya wa Faza. Alikuwa mwembamba, na alivaa mikono mirefu hata joto likichoma. Rawda alijua makovu ya sindano aliyoyaficha chini ya mikono ile.

"Nakusikiliza, baba," Sadiq alisema. Mzee alijibu kwa Kibajuni chake, mtu kwake ni mchu na kitu ni kichu.

"Wewe ndiwe uliyemwosha mwanangu alipokufa, mimi nisipokuwako. Mchu aliyemwosha Husein simrudishi mlangoni. Lakini ile chupa, hapana. Umenambia mwenyewe, nami nimekushukuru, mchu mwingine angenificha. Ila binti yangu simpi mume ambaye kila asubuhi lazima anywe ulevi ndiyo asimame."

"Si ulevi, baba. Ni methadoni, dawa ya hospitali. Nilipokuwa natumia unga wa kulevya nilikuwa naiba viatu msikitini. Tangu nianze kunywa hii nafanya kazi, nasali, nalala. Hainilevyi."

"Ukiikosa huanguka?"

Sadiq alitazama mkeka. "Huanguka, baba."

"Basi." Mzee alichagua kijani laini cha mirungi akakitia shavuni. "Kichu kikikushika hivyo hakiitwi dawa."

Usicheke, msomaji. Mzee Idarus hakupata kuiacha mirungi yake kwa hiari alasiri hata moja tangu ujana, na siku ndege ya kuileta ilipokosa kutua, nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole, na ole wake atakayeangusha kijiko. Lakini hiyo ni mirungi. Wazee wanaitafuna, mashehe wanaitafuna, na hakuna aliyeipa jina baya.

"Sasa sikiliza," mzee aliendelea, na sauti yake ikalainika. "Sikukataa. Nimekutengenezea kibanda kule kisiwani Ngumi, kile kile alichokaa Husein. Nimekiezeka makuti mapya, nimetia kitanda na godoro. Utakaa mpaka Ramadhani iingie. Kule hakuna unga, hakuna vidonge, hakuna chupa, ni maji kote. Boti zangu zitakuletea mchele na maji ya kunywa. Husein alikaa, akapona! Alirudi amenenepa, uso unang'aa, akaadhini hapa msikitini wachu wakalia. Mombasa ndiyo iliyomuua, wale wenzake. Wewe ukirudi, siku hiyo hiyo nakuozesha."

Mwanalima alimgeukia bintiye kwa furaha. Aliona uso wa Rawda umekuwa wa majivu.

"Una nini, mwanangu?"

Rawda alikuwa akingoja Sadiq aseme hapana. Aliomba Mungu amtie Sadiq neno hapana mdomoni.

"Nitakwenda, baba," Sadiq alisema.

*

Watu wa Kismayu waliambiwa Husein alikufa kwa homa. Wazazi wake walijua ni unga. Lakini jinsi ulivyomuua, walijua watu wawili tu, Sadiq na Rawda, na Sadiq ndiye aliyemwambia mwenzake usiku mmoja kwenye simu, akilia, kwa sharti kwamba ibaki amana.

Husein alitaka kuacha muda mrefu. Alipanga foleni pale kliniki ya Mombasa wanakogawa methadoni, akaombwa kitambulisho, akatoa karatasi yake ya kambi ya wakimbizi. Akaambiwa haifai. Sadiq, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ile ile, alikuwa na kitambulisho kwa upande wa mama yake, akaandikishwa. Husein alirudi Kismayu anatetemeka, na baba yake, kwa mapenzi, akamfunga akampeleka Ngumi.

Akapona kweli, kwa macho. Kisha akarudi Mombasa kuchukua nguo zake na kuaga. Akapita kwenye gofu lile walilokuwa wakikaa mateja, na Sadiq, ambaye wakati huo alikuwa bado ana mguu mmoja ndani na mmoja nje, alikuwako. Husein akasema mara moja tu, ya mwisho. Akachukua kiasi chake cha zamani. Lakini mwili uliokaa Ngumi ulikuwa umeshausahau unga, na kile kiasi ulichokibeba zamani bila taabu sasa kiliuzima. Sadiq alimtikisa mpaka akapoa.

Ndiyo maana Rawda, aliposikia neno kibanda, hakusikia harusi tena.

*

Mwanalima alijua kuna jambo. Alimwita Sadiq uani aje aoshe mikono kabla ya kula, kisha akajifanya anatafuta vikombe jikoni, akawaachia wawili wale kando ya pipa la maji. Ndiyo heshima kubwa mama anayoweza kuwafanyia wapendanao.

"Umesema nini kule ndani?" Rawda aliuliza.

"Nimesema nitakwenda."

"Sadiq!"

"Nimekuja kukuposa, Rawda. Sikuja kubishana na baba yako."

"Unajua kibanda kile kilimfanya nini kaka yangu?"

"Punguza sauti."

"Unajua au hujui?"

"Mimi ndiye niliyekwambia." Alijimwagia maji mikononi, polepole, kama mtu anayetia udhu wa sala asiyoitaka. "Nimekwenda ofisini kwao, watu wa afya. Nimewaomba waruhusu dawa hii iletwe hapa, hata kidogo, wako vijana wanaokufa. Yule bwana akanitazama mikono kwanza. Akasema Kismayu hakuna mateja. Kama hakuna mateja, dawa ya nini? Akamwita askari anitoe."

"Hakuna mateja!" Rawda alicheka kicheko kibaya. Yeye alikuwa akiuza katika duka la dawa la ami yake, na kila siku vijana walisimama mbele ya kaunta yake kununua vidonge vya maumivu ambayo hawakuwa nayo. Ami yake alimwambia auze, asiulize.

"Chupa yangu inakwisha," Sadiq alisema. "Kurudi Mombasa bila wewe siwezi. Kukuchukua bila radhi ya mzee hutaki."

"Siwezi. Nani ataniozesha?"

"Hutaki, huwezi, kwangu ni mamoja. Imebaki njia moja, na baba yako ameniezekea makuti mapya. Unataka nimwambie nini? Ahsante, sihitaji wema wako?"

"Mwambie utakufa."

"Arosto, yale maumivu ya kuikosa, haiui. Nimeshatapika mpaka nyongo, nimeshajikunja sakafuni siku nzima naita mama. Nitavumilia. Kwa ajili yako nitavumilia."

"Siogopi arosto, mimi!" Alisogea karibu kuliko adabu inavyoruhusu. "Naogopa siku utakayorudi. Utarudi mnene, utaadhini, mama atapiga vigelegele. Halafu siku moja mashine ya mtu itakushinda kutengeneza, au nitakuudhi, au utakutana na mwenzio wa zamani sokoni. Utasema mara moja tu."

"Sitasema."

"Husein naye aliapa. Alisimama hapo hapo uliposimama wewe, akamshika mama kichwa akaapa."

Sadiq alinyosha mkono, akashika ncha ya mtandio wake, basi, hakugusa zaidi. "Nitazame."

Alimtazama. Macho ya Sadiq yalikuwa mazuri, hilo hata adui angelisema, na ndani yake Rawda aliona kila kitu alichokitaka maishani: nyumba ndogo Mombasa, nguo zake za kazi zinazonuka mafuta, mtoto aliyelala katikati yao. Alitamani kumshika mkono ule, kwa nguvu, mbele ya mama, mbele ya Kismayu nzima.

"Nitamwambia baba," alisema.

Ncha ya mtandio iliachiwa. "Hutamwambia."

"Nitamwambia."

"Ile ni amana, Rawda. Nimeiweka kwako, sikuiweka hata kwa mama yangu. Mzee yule anapata usingizi kwa sababu anaamini alimponya mwanawe. Ukimnyang'anya hilo, atabakiwa na nini?"

"Na mimi nikikuacha upande boti, nitabakiwa na nini?"

 Rawda akageuka, akaingia ndani.

*

Binti haingii sebuleni posa yake inapozungumzwa. Rawda aliingia, mikono mitupu, hata kahawa ya kujifichia hakubeba.

"Baba, asiende Ngumi."

Mzee Idarus aliinua uso, akatabasamu. "Utamkumbuka, eeh? Siku hazikai, mwanangu."

"Asiende, baba. Ngumi ndiyo iliyomuua Husein."

Tabasamu lilibaki usoni muda mfupi, likakosa mahali pa kwenda. Sadiq alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake Mwanalima ameshika sinia.

"Unasema nini wewe?"

Rawda alisema yote. Alisema kwa haraka na vibaya, kwa sababu maneno kama hayo hayana namna nzuri ya kusemwa: foleni, karatasi ya kambi, gofu, kiasi kile kile cha zamani, mwili uliosahau. Alisema kuna dawa ambayo mtu huinywa kila siku akaishi, na Husein aliikosa kwa kuwa mkimbizi. Alisema asingepelekwa kisiwani asingekufa siku ile. Alipofika hapo alisikia sinia likitua sakafuni, akajua amefika mbali, lakini hakuweza tena kurudi.

Mzee Idarus alikuwa ameacha kutafuna. Alipozungumza, hakuzungumza na bintiye.

"Nilimfunga mimi mwenyewe," alisema. "Kwa kamba ya nanga. Alilia njia nzima, akinambia baba, nirudishe, nikafie nyumbani. Nikamwambia utanishukuru." Akamtazama Sadiq. "Wewe ulikuwako. Ndoo, sogea hapa. Nambie, ni mimi?"

Sadiq alikaribia, akapiga magoti mkekani.

"Nambie. Ni mimi niliyemuua mwanangu?"

Kuna jambo moja unapaswa kulijua, msomaji, ili uelewe kilichofuata. Teja husema uongo kama anavyopumua. Sadiq alikuwa amesema uongo kwa mama yake, kwa mahakama, kwa imamu, na alipoanza dawa, kitu cha kwanza alichojirudishia kilikuwa ulimi wake. Tangu siku hiyo hakusema uongo, hata wa kujinufaisha, na ndiyo maana alimwambia mzee habari za chupa, wakati kuficha kungempa mke bila tabu. Rawda alimpenda kwa hilo kuliko kwa macho yake.

Sadiq alimtazama Rawda. Rawda alimsihi kwa macho: sema kweli, uniokoe, ujiokoe. Kisha akamtazama yule mzee.

"Hapana, baba," alisema. "Rawda hakuwako, hajui. Unga ule ulikuwa umetiwa sumu. Hata angekuwa mwingine angekufa. Wewe ulimponya."

"Wallahi?"

Sadiq aliushika mkono wa mzee.

"Wallahi, baba."

Mzee Idarus alijifunika uso kwa kitambaa cha begani, akalia, na mabega yakamtikisika kama ya mtoto. Mwanalima alikuja akakaa kando yake. "Alhamdulillahi," mzee alisema mara nyingi. "Alhamdulillahi." Alipojifuta, uso wake ulikuwa mwepesi.

"Mwanangu wewe," alimwambia Sadiq. "Mwanangu wa pili. Basi kesho asubuhi boti inatoka. Jitayarishe."

Hapo ndipo Sadiq alipoiona kamba aliyojifunga mwenyewe. Kama kisiwa kiliponya, atakikataa kwa sababu gani? Alifungua mdomo kusema ndiyo. Rawda aliiona ile ndiyo inakuja.

"Ukipanda boti hiyo," Rawda alisema, "mimi sikutaki."

"Rawda!" mama yake alimkemea.

"Sikutaki, Sadiq. Sikutaki leo, wala ukirudi. Hata baba akinifunga, kwako siingii."

Mzee alidhani ni wazimu wa wasichana. Sadiq ndiye pekee aliyesikia alichoambiwa. Aliweka mikono juu ya magoti, akainuka.

"Sitakwenda, baba."

"Umesema utakwenda."

"Nimesema. Sasa sitakwenda. Siwezi kuiacha chupa."

"Lakini umeapa sasa hivi kwamba Ngumi inaponya!"

"Inaponya, baba."

"Kwa hiyo hutaki kupona?"

"Sitaki."

Uso wa mzee ulijifunga. Alimtazama kijana yule aliyemwosha mwanawe, na Rawda aliona jinsi mapenzi ya baba yanavyogeuka chuki bila hata kusogea kwenye mkeka. "Basi ni kweli wanavyosema," mzee alisema. "Mchu akishakuwa teja hana baba, hana mke, hana aibu. Toka. Nilikuita mwanangu. Toka nyumbani kwangu."

Sadiq alimwinamia kumbusu mkono. Mzee akauvuta.

Rawda alimtangulia mlangoni. Aliinama, akageuza makubadhi ya Sadiq yakatazama nje, ile adabu anayofanyiwa mgeni anayependwa, ili asihangaike kuyavaa. Ndilo lililobaki katika uwezo wake.

"Ile wallahi itanikaa shingoni," Sadiq alisema kwa chini.

"Kwa nini hukusema kweli?"

"Ungeyaona macho yake kutoka nilipokuwa mimi, nawe ungeapa." Alivaa viatu. "Nilikuomba kitu kimoja tu, Rawda. Ukae na amana yangu."

"Ungekufa."

"Najua. Nimekuelewa, sikulaumu." Lakini sauti yake ilimlaumu, na wote wawili waliisikia. "Afadhali ungenichagulia njia nyingine."

"Hakukuwa na nyingine!"

Alitikisa kichwa, akashuka kwenye ngazi, akasimamisha bajaji. Hakugeuka. Rawda alimwona akishusha mikono ya shati mpaka kwenye vidole, katika joto lile.

*

Mtaani walifurahi, maana watu hupenda kuona waliyoyasema yametimia. Teja ni teja, walisema. Mzee Idarus naye alisema kila alasiri, akichambua mirungi yake: "Umeona, Rawda? Nilimfungulia mlango wa kupona akaukataa. Hawaachi hao."

"Naam, baba," Rawda alijibu, akammiminia chai. Alilijibu hivyo jambo lile kila lilipokuja. Alikijua sasa alichokibeba Sadiq, ule uongo wa kumtunza mzee. Kilikuwa kizito, na sasa Rawda alikibeba peke yake katika nyumba ile.

Kisha alasiri moja mzee hakusema kitu. Iliyofuata pia. Mirungi ililetwa, ikanyauka ndani ya jani lake la mgomba. Mwanalima alidhani mumewe anaumwa.

Siku chache baadaye mzee alitoka alfajiri na boti, bila barafu na bila kapu la kamba, na hakumchukua baharia hata mmoja. Alirudi jua limepinda. Boti ilikuwa imejaa boriti na makuti. Alivivusha mwenyewe hadi nyumbani kwa mkokoteni, akavimwaga uani, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Kile kibanda," alimwambia mkewe. "Kilikuwa kimeoza. Nimekibomoa. Pikieni."

Mwanalima alimtazama, akaitazama milundo ile, akaingia jikoni bila kuuliza. Rawda aliinama kukusanya. Boriti zilikuwa nzima, ngumu, hazina tundu hata la mdudu. Makuti yalikuwa mapya bado, yale aliyoyaezeka mwenyewe kumngojea mkwewe. Katika moja ya boriti, chini kabisa, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, palikuwa na mchubuko wa kamba ulioliwa ndani kwa kuvutwa sana.

Rawda aliinua kichwa. Baba yake alikuwa akimwangalia.

"Yule kijana," mzee alisema. "Alifika salama?"

"Sijui, baba. Hapokei simu yangu."

Mzee alitikisa kichwa. Alikaa akiishika ile boriti, kidole gumba chake kikipita juu ya mchubuko, kwenda na kurudi.

"Akipiga," alisema, "mwambie..."

Rawda alingoja. Mama yake naye, jikoni, aliacha kukoroga. Mzee Idarus aliikokota boriti mpaka mekoni, akaisukuma motoni upande ule wenye alama, akasimama akaingoja ishike.

Simu ilikuwa kiunoni mwa Rawda, ndani ya fundo la leso, mahali alipoiweka tangu siku ile. Haikulia siku hiyo, wala Ramadhani ilipoingia.